Picha ambayo watoto wataweka siku ya kilio



Wengi wenu mlifika ukumbini mwezi wa tatu, mkaziona zile picha kumi na nane zilizotundikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Ni mimi niliyezipiga, na siku ile nilikuwa najisikia kweli, sitaficha. Nilikuwa nimetoka kushinda Jumamosi nne kwa kijana mmoja wa hapa mjini anayepiga picha za ndoa. Alinifundisha mambo ya msingi, nami nikayaandika yote kwenye daftari: futa kioo cha kamera kabla ya kuanza, bana viwiko kwenye mbavu ili mikono isitetemeke, usivute kwa zumu ya telefone, sogea kwa miguu yako, gusa uso wa mtu kwenye skrini ili uso ndio utoke safi, usimkate mtu kwenye goti wala kwenye kifundo cha mkono, gawanya picha mara tatu, usimuweke mtu katikati kila mara. Niliyafuata yote. Picha zikatoka safi, vitenge vikaonekana rangi zake, hakuna uso uliokuwa na ukungu.

Mama mmoja wa kundi letu, mwenye mtoto mgongoni, alitembea polepole kutoka picha ya kwanza mpaka ya mwisho. Akarudi tena nyuma mpaka ya kwanza. Kisha akaniambia kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia: "Mwalimu, picha ni muzuri. Lakini huku wote tuko mutu moja."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Usiku, nilipozitandaza zote juu ya kitanda, niliona alichokiona. Mama kumi na nane, ukuta ule ule, mikono imeshuka, midomo imefungwa, macho kwenye kamera. Muuza samaki, mshonaji, muuguzi, mkulima: kama ningewabadilishia majina, mgeni asingegundua kitu. Nilikuwa nimepiga kadi za mchaguzi kumi na nane, kubwa na zenye rangi.

Darasani nina wanafunzi wa namna hiyo. Mtoto anakuletea insha isiyo na kosa, nukta ziko mahali pake, mwandiko unapendeza, na ukimaliza kuisoma hujui alitaka kusema nini. Ninampa 6 juu ya 10, naandika kwa bic nyekundu "Vizuri, lakini...", naye anakasirika kwa sababu halioni kosa liko wapi. Sasa nami nilikuwa nimepata 6 yangu.

Siyadharau mambo ya msingi. Hapa Goma, bila hayo huendi popote, maana mji wetu una ugumu wake. Toka saa nne asubuhi mpaka saa tisa jua liko juu ya kichwa, linatia weusi chini ya macho kama mtu hajalala wiki nzima. Kwingine udongo mwekundu au mchanga hurudisha mwanga kidogo juu, ukaingia usoni. Sisi tunakanyaga mawe ya volkano, meusi, yanayomeza mwanga wote. Kwa hiyo mama akisimama uani saa sita, macho yake yanapotea. Na ukimsimamisha mbele ya shitingi nyeupe, telefone inaogopa ule weupe, inapunguza mwanga, na uso mweusi unakuwa giza. Dawa yake ni rahisi: mpeleke mlangoni, pale kivuli kinapoanza, ageuke kuangalia nje, au tandika shuka nyeupe chini mbele ya miguu yake, utaona macho yanafufuka. Haya nilikuwa nayajua tayari wakati wa zile kumi na nane. Nilichokuwa sijajua ni kwa nini ninampiga mtu huyu na si mwingine.

Aliyenifundisha hilo ni mama mzee mmoja wa Majengo. Jina lake sitalitaja. Kwenye avenue yao kila mtu humwita Koko, nami namwita hivyo hivyo. Alikuwa amesikia kwamba mwalimu anapiga picha za wamama. Akanituma mjukuu wake. Nilipofika, akanikalisha, akanipa chai, akasema: "Binti yangu, unipige ile picha batoto bataweka siku ya kilio yangu."

Mnajua jinsi inavyokuwa kwetu. Mtu anakufa usiku, asubuhi watu wanaanza kuuliza: picha iko wapi? Wanatafuta kwenye telefone, wanapata moja ya ndoa ya mtu mwingine ambamo marehemu anaonekana nyuma, nusu bega limefichwa. Au wanachukua kadi ya mchaguzi, wanaipeleka studio, wanaipanua mpaka uso unakuwa kama umepakwa unga. Hiyo ndiyo inakaa kwenye meza kati ya maua siku tatu, na baadaye ndiyo inabaki ukutani miaka ishirini. Koko hakuitaka hiyo. Na alikuwa na sababu yake.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilipopasuka na lava ikapita katikati ya mji, alikuwa anakaa si mbali na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lile ambalo liliungua siku hiyo. Alibeba godoro, sufuria, na mtoto wa mwisho ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka minne. Mumewe alikuwa amekufa miaka mitatu kabla. Picha zote zilikuwa ukutani: ya ndoa, ya mumewe akiwa amevaa koti, ya ubatizo wa watoto. Zilibaki pale. Nyumba ilikuwa ya mbao. "Mutoto wangu wa mwisho hajui sura ya baba yake," aliniambia. "Aliniuliza, nikamwambia: angalia kidole gumba chako, ni chake. Ni hicho tu niko nacho cha kumuonyesha." Tena Mei 2021, volkano ilipotoka jioni ya tarehe 22, na siku tano baadaye serikali ikaamuru watu wa Majengo na mitaa mingine waondoke, alikwenda Sake kwa miguu. Safari hiyo, alisema, hakuwa na picha hata moja ya kubeba, basi alitembea haraka.

Nilirudi siku ya pili na kamera yangu niliyonunua ikiwa imekwisha kutumika. Koko alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, kilemba, hereni, viatu vyeusi. Nilimuweka mlangoni, nikatandika shuka nyeupe, nikafuata daftari langu lote. Nikapiga arobaini. Nikamuonyesha kwenye skrini ndogo. Aliziangalia moja moja, akivuta kamera karibu na jicho, kisha akanirudishia. "Nilikuambia ya kilio," akasema. "Sikukuambia nikufe."

Alikuwa na haki. Yule wa kwenye picha alikuwa amekaa kama mtu anayengoja hukumu.

Hapa niwaambie juu ya mtu wa kwetu ambaye nilimfikiria usiku ule. Pamela Tulizo alizaliwa hapa hapa Goma, akasomea uandishi wa habari kabla ya kushika kamera, na mwaka 2020 alipata tuzo ya Dior ya wapiga picha vijana. Mfululizo wa picha ulioanza kumtangaza unaitwa "Double Identité". Unahusu sura mbili za mwanamke wa mashariki ya Kongo: ile ambayo dunia imezoea kuonyeshwa, ya vita na ubakaji na machozi, na ile anayoijua yeye mwenyewe. Mimi si msanii wa kiwango chake. Lakini nilijiuliza: na mimi ni ipi ninayoonyesha? Wageni wanatupiga tukilia, sisi wenyewe tunajipiga tumesimama wima kama askari. Kati ya hizo mbili, Koko yuko wapi?

Basi nilikwenda kwake mara tatu bila kamera. Nilikuwa naogopa kwamba napoteza wakati, maana nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Nilimsaidia kuchambua maharagi.

Koko anauza maharagi kwa kopo, kwenye mlango wake, kuanzia saa kumi. Anapochambua, anatupa vijiwe nyuma ya bega bila kuangalia, na kuna kuku mmoja ambaye anajua na hukaa mbali. Mteja akifika, anajaza kopo mpaka lifanye mlima, analimimina. Halafu kuna nyongeza. Ni hapo ndipo nilimuona. Anachota kwa mkono, anausimamisha mkono hewani juu ya bakuli la mteja, na anamwangalia mteja usoni. Haangalii maharagi. Nyusi moja inapanda. Kwa muda wa pumzi moja anafanya hesabu zake: huyu mume wake ana kazi, huyu ni mtoto ametumwa na mama mgonjwa, huyu bado ana deni langu la wiki iliyopita. Kisha mkono unafunguka wote, au unafunguka nusu, au unarudi kwenye gunia. Avenue nzima inaijua ile nyusi. Watoto wanaiiga. Nilipoiona mara ya tatu nikajua kwamba kama picha yake haina nyusi ile, si picha yake.

Kuna picha moja ya zamani, ya mwaka 1930 hivi, ya mpiga picha wa Hungaria aliyeitwa Martin Munkácsi. Inajulikana kwa jina la ziwa Tanganyika. Wavulana watatu wanakimbia kuingia majini. Huoni uso hata mmoja, wote wanakupa mgongo, miili ni vivuli vyeusi juu ya povu jeupe. Kwa sheria za daftari langu ni kosa juu ya kosa. Lakini Mfaransa Henri Cartier-Bresson, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wapiga picha wakubwa wa karne, alisema ni hiyo iliyomwasha moto. Nimeitazama sana kwenye telefone. Kila mara nasikia maji yananirukia. Yule mtu alingoja nukta moja ambapo miili mitatu iliachana vizuri, mguu huu juu, mkono ule umefunguka, na akabonyeza hapo. Sekunde moja baadaye ingekuwa ni watoto wanaooga tu, kama tunavyowaona kila siku pale Kituku.

Kwa hiyo kazi yangu ikawa kungoja mkono wa Koko usimame hewani.

Ilinichukua jioni tano. Siku ya kwanza nilisimama, nikampiga kutoka juu, akaonekana mdogo kama mtu anayeomba. Siku ya pili nilipiga magoti kwenye mawe, macho yangu sawasawa na yake, na nyumba nzima ikabadilika: yeye ndiye akawa mwenye mahali. (Magoti yangu yanaijua bei ya somo hilo. Bebeni kipande cha godoro.) Mlango wake unaangalia magharibi, na saa kumi na moja jua linaingia chini chini, linagusa mkono na shavu na kuacha nyuma giza. Siku ya tatu nilipata mwanga huo lakini motari alisimama mbele yangu kuuliza bei. Siku ya nne nilipata nyusi, lakini nyuma ya kichwa cha Koko kulikuwa na bidoni la njano limeota kama pembe. Hili nawaomba mlikumbuke hata kwa picha za telefone: kabla ya kubonyeza, acha kumwangalia mtu, zungusha macho kwenye kando zote nne za picha. Nguo zilizoanikwa, sufuria, mguu wa mpita njia. Hatua moja kulia inatosha mara nyingi. Lakini usisafishe kila kitu! Kalenda ya zamani iliyo ukutani kwake niliiacha, na gunia pia, na yule kuku.

Siku ya tano alifika mtoto wa kike mwenye bakuli la plastiki. Mkono wa Koko ukapanda, ukasimama. Nyusi ikapanda. Nikabonyeza mara mbili tu. Kwenye picha, mtoto haonekani. Ni mikono yake miwili na bakuli, imekatwa kwenye viwiko, pembeni kushoto. Maharagi mengine yako hewani, yametoka na ukungu kwa sababu yanaanguka. Mwalimu wangu wa Jumamosi angenirudishia. Mimi nilijua, kabla hata ya kuangalia skrini, kwamba nimempata.

Nilikimbia kumuonyesha. Aliiangalia muda mrefu. Akacheka, akaita binti yake atoke ndani aone. Kisha akanyamaza, akasema: "Ni mimi kabisa. Lakini siku ya kilio watu wanione nauza maharagi na singili iliyopasuka?"

Kwa kweli nilikasirika. Nilitaka kumweleza kwamba hii ndiyo picha yenye nguvu, kwamba ile ya viatu vyeusi haina kitu. Maneno yalifika kwenye ulimi. Halafu nikakumbuka watu wote ambao nimewaona wakishuka kwenye magari makubwa kule kambini, wanainamisha kamera juu ya mama anayepika, wanaondoka bila kumuuliza jina. Wao pia, nadhani, walipata picha zenye nguvu. Ikiwa namchukulia Koko ile sura ambayo yeye hataki iachwe, kwa sababu mimi naiona nzuri, tofauti yangu na wao ni nini? Kwamba naongea Kiswahili?

Binti yake ndiye aliyepata njia. "Mama, kesho uuze ukiwa umevaa vizuri." Koko akamtazama kama mtu aliyesema upuuzi, lakini kesho yake nilimkuta mlangoni na kitenge cha kanisani, kilemba, hereni, viatu vyeusi, amekaa mbele ya gunia na kopo mkononi. Wateja walisimama kumshangaa. Mtoto mmoja aliuliza: "Koko, leo iko ndoa?" Naye, mkono ukiwa hewani na nyongeza ya mtoto huyo ndani yake, nyusi ikiwa imepanda tayari, alianza kucheka.

Haikuwa picha sawa na ile ya siku ya tano. Jua lilikuwa limeingia mawinguni, mwanga ulikuwa wa kijivu kidogo, na hereni moja imejigeuza. Mimi bado naipenda zaidi ile ya singili, nawaambia ukweli. Ile ya singili ipo kwangu, na Koko ameniambia naweza kuiweka ukumbini mwakani kama nitaandika chini yake kwamba maharagi yalikuwa mazuri. Lakini ile ya kicheko ndiyo aliyoichagua, na yeye ndiye mwenye uso.

Wengi wenu mmeniuliza mnunue kamera gani. Sijui niwajibu nini, maana picha nzuri niliyopiga ya mtoto wangu mwaka huu ni ya telefone, anafunga kamba za viatu ulimi ukiwa nje, siku ya kwanza aliyoweza peke yake. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, sikumwambia "angalia hapa". Mtoto ukimwambia hivyo, anakupa ile sura ya kadi. Kaa naye, telefone iwe mkononi tayari, acha asahau. Na mkipiga mia, futeni tisini jioni ile ile; picha mia za siku moja hakuna anayezitazama tena. Seydou Keïta, fundi mkubwa wa picha wa Bamako aliyefungua studio yake mwaka 1948, kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu, kwa sababu karatasi ilikuwa ghali. Kwa hiyo alimtengeneza kwanza, akageuza kichwa chake kidogo, akapanga vidole vyake, akaangalia, ndipo akabonyeza. Sisi kubonyeza ni bure, basi tunabonyeza kwanza.

Picha ya Koko nilitoa nakala mbili studio. Kubwa ina kioo na mbao pembeni. Nyuma yake nimeandika kwa kalamu isiyofutika jina lake lote, jina la mumewe, na mwaka. Sikuikuta ukutani nilipopita juzi. Nikauliza. Akanionyesha mfuko ulio nyuma ya mlango, ule ambao kila nyumba ya Majengo inao tangu 2021: kadi ya mchaguzi, karatasi za shule za wajukuu, shuka moja, tochi. Picha imo humo, imefungwa kwa plastiki mara mbili. Ile ndogo amempa mtoto wake wa mwisho aende nayo kwake, na nyingine ameniomba niihifadhi kwenye mashine yangu, kwa sababu Keshero ni mbali kidogo na mlima.

Sasa nataka kuanza upya zile kumi na nane, moja moja. Nilimwendea kwanza mama yule mwenye mtoto mgongoni, nikamuomba nikashinde naye siku moja bila kamera. Amekubali, lakini amenikataza kuja Jumatano. Jumatano anafua.